Siku Injinia Alipofungua Milango Yote ya Seva

Inatangazwa kwa watumishi wote wa Taasisi ya Utafiti wa Nafaka za Ghalani, wa kudumu, wa mkataba na wa kujitolea, ya kwamba kuanzia tarehe ya waraka huu hakuna programu yoyote itakayowekwa ndani ya seva ya Taasisi bila ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi. Ya kwamba maombi yatawasilishwa kwa Fomu Namba Kumi na Nne, nakala tatu, kwa wino mweusi. Na ya kwamba kila ombi litashughulikiwa kwa uzito unaostahili na kujibiwa ndani ya siku tatu za kazi.

Waraka huo ulibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa matangazo, juu ya waraka mwingine uliokataza kubandika kitu chochote kwenye ubao wa matangazo bila ruhusa.

Watu waliusoma kwa heshima, wakarudi kwenye chai yao. Hakuna aliyeshtuka. Katika Taasisi ile kila kitu kilikuwa na fomu. Stepla ilikuwa na fomu. Ufunguo wa choo cha ghorofa ya pili ulikuwa na daftari la kutia sahihi, na mwanahistoria makini angeweza kulisoma daftari lile akaandika habari za matumbo ya wasomi kwa miaka sita iliyopita, mwezi kwa mwezi.

Mtu mmoja tu aliusoma waraka ule akatabasamu. Huyo alikuwa Injinia.

Uinjinia wake una hadithi fupi. Alikuwa fundi wa kompyuta mwenye cheti cha wiki sita, ambacho alikuwa amekitia fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi yake. Mwaka wa kwanza kazini alijiita Fundi Mkuu, jambo ambalo halikuwa uongo, kwa kuwa fundi mwingine hakuwepo. Mwaka wa pili akaanza kupokea simu kwa kusema "Injinia hapa." Watu wakaona kubishana ni kazi nyingine tena isiyo na posho, wakamwita hivyo hivyo.

Kisha Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta akastaafu, na nafasi yake ikabaki wazi. Kwenye karatasi ilikuwa wazi. Rohoni mwa Injinia ilikuwa imeshajazwa. Kile kiti cha Mkuu, chenye magurudumu matano na mgongo wa ngozi ya bandia, alikuwa amekihamishia mezani kwake kwa ajili ya matengenezo. Matengenezo yalikuwa na mwezi wa nane sasa, na yalifanyika kwa kukikalia.

Falsafa yake ya ufundi ilijulikana vizuri zaidi nyumbani. Mlango wa bafu ulikuwa unakwama. Mke wake alimwambia mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ile ambayo mume mwenye akili haingoji ya nne. Injinia akachukua bisibisi, akang'oa kitasa kizima, mlango ukabaki na tundu la ukubwa wa ngumi.

"Umepona," alisema.

Na kweli, mlango haukukwama tena. Tangu siku hiyo mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea kwa wiki moja na ambaye sasa alikuwa anaingia mwezi wa saba, alioga huku akiimba kwa sauti ya juu, ili walimwengu wajue kuna mtu ndani.

"Mwanangu," alimwambia siku moja, akitoka na taulo kichwani, "mlango usio na kitasa ni pazia la mbao."

Injinia alicheka kwa upole. Aliwasamehe watu wasioelewa teknolojia.

Sasa, katika chumba cha tatu kutoka ngazini alikaa mtafiti mmoja aliyeitwa Dada Dumuzi, kwa sababu ndicho alichokisomea: dumuzi, kile kidudu kidogo kuliko kichwa cha kiberiti kinachoingia ndani ya punje ya mahindi na kuila taratibu kutokea ndani, mpaka ikabaki ganda lenye sura nzuri. Alikuwa amewafuga kwenye chupa kwa miaka mitatu. Aliwajua tabia kuliko alivyowajua wifi zake, na kwa jumla aliwaona wana utaratibu zaidi.

Ijumaa ya wiki ile, saa nne asubuhi, alitakiwa kusimama mbele ya jopo kutetea tasnifu yake. Lilibaki jedwali moja tu: dumuzi wa ghala hili na wa ghala lile wana undugu au hawana? Jedwali hilo lilihitaji programu maalumu ya kulinganisha vinasaba, na programu yenyewe ilihitaji saa kumi na sita za kusaga hesabu ndani ya seva. Mtahini wa nje alikuja mara moja kwa mwaka. Nafasi ya masomo ya Dada Dumuzi ilikuwa inaisha mwezi ule ule. Bila jedwali hakuna utetezi, na mwaka mwingine hakuwa nao. Miaka mitatu ya chupa na vidudu ingeishia hapo.

Jumatatu, baada ya kusoma waraka, alijaza Fomu Namba Kumi na Nne, nakala tatu, wino mweusi. Kisha, kwa kuwa mwanasayansi ni mtu wa kujaribu, akajaribu kuiweka programu mwenyewe. Seva ikafikiri kidogo, ikamwandikia kwenye skrini:

*Ruhusa imekataliwa.*

Jumanne asubuhi akaenda kwa Injinia.

"Injinia, seva inanikatalia."

"Inakukatalia wewe." Injinia alikizungusha kiti cha Mkuu robo duara. "Mimi hainikatalii. Mimi na Bibi tunajuana."

Bibi ndiyo seva yenyewe. Waliiita hivyo kwa sababu ilikuwa nzee, ilikaa peke yake kwenye chumba chenye baridi, ilinguruma mchana kutwa, na haikupenda kuamshwa.

"Fomu nimeshajaza," alisema Dada Dumuzi. "Jibu likija Alhamisi jioni nitakuwa nimechelewa."

"Fomu ni za watu wasionijua."

"Itachukua muda gani?"

"Dakika tano. Tatu, kama hutaniongelesha."

Wakaingia chumba cha Bibi. Injinia alivuta kibodi, akaipuliza vumbi, akanyoosha vidole mpaka vikalia. Ni lazima ieleweke kwamba ndani ya kila seva yupo mtu mmoja asiyeulizwa na yeyote. Wataalamu humwita mzizi. Mzizi akitaka kufuta, anafuta. Akitaka kujenga, anajenga. Hana fomu wala daftari la choo. Neno la siri la mzizi lilikuwa kichwani mwa Injinia, na kwenye karatasi ndogo ya njano iliyobandikwa chini ya kibodi.

Akaingia kama mzizi, akaiweka programu. Dakika tatu na nusu.

"Kaa hapo," alisema. "Endesha."

Dada Dumuzi akakaa kwenye kompyuta ya pembeni, akaingia kwa jina lake, akaiamsha programu.

*Ruhusa imekataliwa.*

"Imekataa," alisema.

"Haijakataa. Inasitasita."

"Injinia, umeiweka kwa jina la mzizi. Kila kitu chake ni mali ya mzizi. Programu inataka kuandika vidokezo vyake kwenye folda, na folda si yangu. Ni kama umenijengea nyumba, halafu ukaondoka na ufunguo." Akafikiri. "Je, tukiiweka kwa jina langu?"

"Jina lako ni la mtumiaji." Injinia alilitamka neno hilo kama daktari anavyotamka jina la ugonjwa. "Mtumiaji hutumia. Kuweka ni kwa wenye kuweka."

Hapo ndipo alipolikumbuka dawa lake.

Aliliokota zamani kwenye mtandao, katika ukumbi mmoja wa mafundi wanaosaidiana. Mtu fulani aliuliza swali, mwingine akajibu kwa mstari mmoja, na chini ya mstari huo yalifuata maonyo arobaini ambayo Injinia hakuyasoma kwa sababu yalikuwa marefu. Dawa lenyewe lilikuwa saba tatu. Ukiandika amri ile na kuipa saba, saba, saba, faili hubadilika tabia. Saba ya kwanza ni ya mwenye nyumba: asome, aandike, atumie. Saba ya pili ni ya ndugu zake: wasome, waandike, watumie. Saba ya tatu ni ya mpita njia yeyote aliyekuwa anatafuta kivuli.

Akaipa folda ya programu saba tatu. Dada Dumuzi akajaribu. Ikaenda hatua moja, ikakwama kwenye folda nyingine.

Akaipa na hiyo. Ikakwama kwenye ya tatu.

"Sasa unaona," alisema Injinia, na macho yake yakaingiwa na mwanga ambao mke wake angeutambua, "tatizo letu ni kupaka dawa kidole kimoja kimoja, na mwili mzima unawasha."

"Mwili upi?"

"Wote."

Akapanda mpaka juu kabisa ya seva, pale ambapo hakuna tena cha juu, akaandika saba tatu zake, na mwishoni akaongeza neno la kumwambia Bibi kwamba amri hii ni kwa kila folda, kila faili, na kila kilichomo ndani ya kilichomo. Akabonyeza kitufe kama waziri anayekata utepe.

Skrini ikaanza kutiririka. Yalipita mafaili laki nne na ushee. Hakuna serikali duniani iliyowahi kutoa uhuru mwingi kiasi kile kwa wakati mmoja.

Ilipotulia, Dada Dumuzi akajaribu tena. Programu ikaamka, ikajinyoosha, ikaandika: asilimia moja.

"Dakika tano," alisema Injinia. Zilikuwa zimepita arobaini na tano. "Si nilikwambia?"

Dada Dumuzi alimshukuru, na alimshukuru kwa moyo, jambo ambalo baadaye lilimuuma zaidi. Injinia akatoka kwenda kutembea. Mtu aliyefanya jambo kubwa hawezi kukaa. Miguu yenyewe inadai mashahidi.

Kwenye korido akakutana na yule mama wa kupima mizani, ambaye kwa kawaida hakumsalimia.

"Pole, Injinia," alisema yule mama.

"Ndiyo kazi zetu," akajibu Injinia.

Wa maabara ya udongo naye akatoa kichwa mlangoni. "Pole sana, kaka."

"Tumezoea."

"Umezoea?" Yule wa udongo alimtazama kwa mshangao, kisha kwa heshima mpya. "Una moyo."

Getini mlinzi aliweka chini kikombe chake, akamshika bega, akaliminya. Mlinzi hakuwahi kumshika mtu bega. "Usijali," alisema. "Mungu hamtupi mja wake."

Injinia akaona mambo yameiva. Watu hawaanzi kukupa pole za namna hii hivi hivi. Habari za cheo zilikuwa zimevuja, na walimwonea huruma kwa mzigo wa uongozi. Akarudi ndani polepole, mikono nyuma, akiangalia dari za Taasisi kwa jicho la mtu atakayezirithi.

Alipopita kwenye dirisha la masjala, sauti ikamwita.

"Wewe. Njoo."

Masjala ndicho chumba cha mafaili, na mwenyewe aliitwa Mama Masjala. Alikuwa na miaka ishirini na miwili mle ndani kati ya makabati ya chuma. Kila faili lake lilikuwa na kadi, na kila kadi ilionyesha nani kalichukua, lini, na kwa nini. Siku moja Mkurugenzi alichukua faili bila kusaini, na Mama Masjala akamfuata mpaka kwenye gari.

Mbele yake kulikuwa na jalada jipya la kijani, gundi haijakauka.

"Tangu saa nne," alisema, "watu wamechapisha nakala sita za karatasi hii. Karatasi inayozagaa lazima iwe na faili. Nimeifungulia."

Injinia akasoma.

*Mapendekezo kuhusu nafasi ya Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta. Siri. Baada ya kutafakari kwa kina, ninapendekeza atafutwe mtu kutoka nje. Fundi aliyepo ni mtu mchangamfu. Asikabidhiwe ufunguo wa kitu chochote kinachofungwa.* Chini yake kulikuwa na sahihi ya Mkurugenzi.

Akairudia kuanzia juu. Haikubadilika.

"Hii ilikuwa kwenye folda ya Mkurugenzi," alisema hatimaye. "Folda ile imefungwa."

"Ilikuwa imefungwa," alisema Mama Masjala.

Injinia alisimama na jalada mkononi. Pole ya mama wa mizani ikamrudia, na ya yule wa udongo, na bega lake likaanza kuwasha pale alipominywa. Ndipo simu yake ikalia.

"Injinia," ilisema sauti ya Mkurugenzi, taratibu mno, "mlinzi wa getini amenishauri niwe na huruma na vijana. Nataka kujua mlinzi wa getini amesoma nini."

"Ni hitilafu ndogo, Mheshimiwa. Dakika tano."

Akakimbia. Kwenye chumba cha Bibi alimkuta Dada Dumuzi ameketi mbele ya skrini kama mtu anayeuguza mgonjwa. Asilimia sita.

"Usiguse kitu," alisema, bila kugeuka.

"Naizima na kuiwasha tu."

"Kwa nini?"

"Ikiamka itakuwa imesahau."

"Imesahau nini?"

"Yote."

"Hayo yote yana jedwali langu ndani, Injinia. Na kuwasha upya hakufungi milango. Umeifungua mwenyewe, itaamka ikiwa wazi vile vile. Injinia. Injinia, toa mkono."

Lakini fundi wa wiki sita, maji yakimfika shingoni, hurudi kwenye somo la siku ya kwanza, na somo la siku ya kwanza lilikuwa kuzima na kuwasha. Mkono ulikuwa umeshafika.

Bibi akanyamaza. Ukimya ule haukuwahi kusikika mle ndani. Hata feni zilionekana kushangaa. Kisha akakohoa, akanguruma, akaamka. Injinia akaingiza ufunguo wake wa siri, ule wa kielektroniki unaomtambulisha fundi.

*Ufunguo huu unaweza kusomwa na kila mtu,* akaandika Bibi. *Haukubaliki.*

Akajaribu wa Dada Dumuzi. Haukubaliki. Wa Mkurugenzi. Haukubaliki. Akajaribu kujipandisha awe mzizi, yule asiyeulizwa, kwa neno la karatasi ya njano.

*Orodha ya wenye mamlaka inaweza kuandikwa na kila mtu. Haiaminiki.*

Injinia akakaa sakafuni. Kiti cha Mkuu kilikuwa mbali, na kwa mara ya kwanza hakukitamani.

"Kwa hiyo," alisema Dada Dumuzi, "ulimpa kila mtu ruhusa ya kila kitu."

"Kwa kusema hivyo, ndiyo."

"Na sasa hakuna mwenye ruhusa ya kitu chochote."

"Kitaalamu ni suala la—"

"Hata wewe."

"Hata mimi."

Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti la maabara, akaivaa tena, kana kwamba alitumaini mbele yake kungekuwa na mtu mwingine.

"Miaka mitatu nimekaa na dumuzi," alisema. "Mdudu mharibifu, wanasema. Lakini akimaliza punje, huacha ganda. Wewe hata ganda hukuniachia."

Akatoka. Injinia angependelea kutukanwa.

Jumatano alfajiri alisimama nje ya bafu lake na taulo begani, akisubiri zamu. Ndani, mama mkwe alikuwa amefika ubeti wa nne. Injinia alilitazama lile tundu la kitasa. Mwanga ulipita humo, na mvuke, na wimbo wote. Akajiuliza kama yeye mwenyewe angeacha kitu chochote cha thamani nyuma ya mlango ule. Akaona asingeacha hata sabuni. Basi Bibi naye, mwenye umri wake, angeuaminije ufunguo ulioachwa barazani?

"Mama," aliita kupitia tundu, "ulikuwa na haki."

Wimbo ukakatika. "Nani huyo anachungulia?" ikauliza sauti, na ndoo ikalia kwa namna ambayo Injinia hakungoja kufafanua. Siku ile alikwenda kazini bila kuoga.

Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la masjala. Kulikuwa na jambo ambalo alilijua na ambalo alikuwa amelicheka kwa miaka miwili. Mkuu aliyestaafu aliweka desturi kwamba kila Ijumaa mchana seva nzima inakiliwe kwenye diski, na diski ilale ndani ya kabati la chuma la Mama Masjala. Mkuu alipoondoka, Mama Masjala hakupata waraka wa kuacha, kwa hiyo hakuacha. Kila Ijumaa alikwenda, akachomeka, akabonyeza kitufe kimoja alichofundishwa, akasubiri, akachomoa. Injinia alizoea kumwambia, "Mama, siku hizi vitu viko hewani." Naye alizoea kujibu, "Vikishuka utanikuta."

"Vimeshuka," alisema Injinia.

Mama Masjala hakucheka. Alitoa kadi. "Jaza."

"Mama, mimi na wewe tunajuana."

"Ndiyo maana nina kadi."

Akajaza jina. Akajaza tarehe. Penye sababu ya kuchukua aliandika: *Ukaguzi wa kawaida.* Mama Masjala akachukua rula, akaikata kwa mstari ulionyooka, akamrudishia. Akaandika: *Matengenezo ya kinga.* Rula ikarudi. Nyuma yake foleni ilianza kujikusanya. Mama wa mizani alikuwa wa kwanza, na hakuwa na shida yoyote ya faili.

Injinia akainama, akaandika neno moja: *Nimeharibu.*

Mhuri ukalia. "Irudi kesho saa kumi jioni," alisema Mama Masjala.

Kumrudisha Bibi kulichukua Jumatano nzima na Alhamisi karibu yote. Ilibidi aamshwe kutoka kwenye ile diski, kama mtu anayekumbushwa jina lake, halafu kila faili lirudishwe mahali pake, kwa mwenyewe, na mlango wake. Injinia hakutembea koridoni. Chakula alikula juu ya kibodi. Alhamisi saa kumi kasoro robo, Bibi alikuwa amekuwa yule yule wa Ijumaa iliyopita, na ufunguo wa Dada Dumuzi ukakubaliwa.

Dada Dumuzi alikuwa amesimama nyuma yake na saa mkononi. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Jopo ni kesho saa nne asubuhi. Programu inataka saa kumi na sita. Isipoanza kabla ya saa kumi na mbili jioni hii, basi tena. Akakaa, akaiweka programu pale inapowekwa siku zote, kwenye folda ya pamoja ya watumishi wote.

*Ruhusa imekataliwa.*

Kidole cha shahada cha Injinia, chenyewe, bila ya mwenyewe kukituma, kikaanza kusafiri kuelekea kwenye namba saba.

"Ondoa hicho kidole."

Mama Masjala alikuwa mlangoni na kadi. Saa kumi ilikuwa imefika, na alikuja kuchukua diski yake.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Inanikatalia, mama," alisema Dada Dumuzi. "Fomu yangu haijajibiwa. Nimeuliza leo mara mbili."

"Hapo unapotaka kuweka ni pa nani?"

"Pa wote."

"Cha wote kina mwenye kuombwa. Hata meza ya chai ina mwenye kuombwa. Wewe huna droo yako humo ndani?"

"Droo?"

"Mahali pako. Pa jina lako."

"Ninapo. Kila mtumishi anayo folda yake."

"Ukiweka kitu kwenye droo yako, unamwomba nani?"

Injinia alifungua mdomo aeleze kitaalamu kwa nini jambo hilo haliwezekani. Mdomo ukakaa wazi. Aliitafuta sababu kulia, akaitafuta kushoto, akakumbuka kwamba Jumanne, kwenye chumba hiki hiki, mtumiaji mmoja alikuwa ameuliza karibu swali hilo hilo, na yeye alimjibu nini. Akaufunga.

Dada Dumuzi akabadilisha mstari mmoja tu, ule unaoiambia programu ikae wapi. Ikakaa kwenye folda yake. Zilipita dakika kumi na moja. Bibi hakuuliza swali lolote. Saa kumi na nusu jioni programu ikaandika: asilimia moja.

"Saini hapa," Mama Masjala alimwambia Injinia. "Diski imerudi."

Ijumaa saa nne asubuhi jedwali lilikuwa mezani, bado lina joto la mashine ya kuchapishia. Lilionyesha kwamba dumuzi wa maghala yote ni wa ukoo mmoja; wanatofautiana makazi tu. Jopo liliuliza maswali tisa, hakuna hata moja kuhusu seva. Saa sita mchana Dada Dumuzi akawa Daktari Dumuzi, akaja mpaka kwenye kitengo cha kompyuta na soda moja, akaiweka mezani kwa Injinia bila kusema neno, akaondoka. Injinia hakujua kama ni shukrani au ni ushahidi. Akainywa taratibu, kwa maana zote mbili.

Jumatatu iliyofuata ukaja waraka. Kwa ajili ya kuimarisha utendaji, fundi wa kompyuta anahamishiwa masjala, chini ya usimamizi wa mwenye masjala, ambako atapeleka barua vyumbani na kurudisha sahihi. Seva ilipata fundi mwingine kutoka nje, binti mpole aliyeiondoa ile karatasi ya njano chini ya kibodi siku ya kwanza kabla hata ya kuvua mkoba. Kiti cha Mkuu kilirudi mahali pake. Matengenezo yalikuwa yamekamilika.

Nyumbani, Injinia alinunua kitasa kipya chenye komeo la shaba, akakifunga mwenyewe Jumamosi nzima. Mama mkwe alikijaribu mara tatu, akaridhika, akaingia, akajifungia, akaanza kuimba. Alisema sasa ameshazoea.

Kwenye barua, Injinia alionyesha kipaji ambacho hakuna aliyekitarajia. Hakupoteza hata moja. Hakuiacha mlangoni kwa mtu; alingoja mwenyewe atokee, asome jina lake, atie sahihi. Wapo waliosema amekuwa mkali kuliko Mama Masjala, na Mama Masjala alisema bado.

Asubuhi moja, karibu miezi minne baada ya mambo haya, alibisha hodi chumba cha tatu kutoka ngazini akiwa na bahasha yenye mihuri miwili.

"Daktari, saini hapa."

Daktari Dumuzi akasaini, akafungua. Lilikuwa jibu la Fomu Namba Kumi na Nne, lenye nakala zote tatu zimebanwa nyuma yake. Lilisema kwamba ombi lake la kuweka programu limeshughulikiwa kwa uzito unaostahili, na kwamba ruhusa imekataliwa.

Ilikuwa siku ya kazi ya themanini na tatu. Kwenye skrini nyuma ya mgongo wake programu ile ile, ndani ya folda yake mwenyewe, ilikuwa inafanya kazi, asilimia arobaini na mbili.